Kabla ya masika, mzazi soma ubavu wa tairi

Chukua mfano wa familia moja ya Magole, wilayani Kilosa. Baba analima mpunga na ana duka la pembejeo. Mama ana ujauzito wa miezi saba, na mtoto aliyetangulia alizaliwa kwa upasuaji. Kliniki wameshamwambia kwamba safari hii akajifungulie hospitali kubwa Morogoro mjini, asisubiri uchungu umkute nyumbani. Hesabu ya wiki inaangukia mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea.

Gari wanalo. Ni la viti saba, lilitoka Japani, na wao wamelinunua kwa mtu mwaka jana. Muuzaji alilisifia sana: "Mzee, matairi haya hununui leo wala kesho. Kashata zimesimama kama mpya!"

Jumamosi moja wanasimama kwa fundi pancha kando ya barabara kuu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba kijana. Tujazie upepo tu, tuna haraka."

Fundi anazunguka gari, anainama, anapangusa vumbi kwenye ubavu wa tairi la nyuma.

"Mzee, haya matairi ni ya theluji."

"Theluji? Mbona kashata zipo?"

"Zipo. Ila soma hapa."

Ubavuni pameandikwa STUDLESS. Pembeni yake kuna tarakimu nne: 3915. Fundi anaeleza kwamba tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 39 ya mwaka 2015. Baba anacheka, anaona kijana anatafuta biashara. Mama hacheki. Anauliza swali moja tu: "Kwa hiyo haya ndiyo yatakayonipeleka Morogoro?"

Ni swali ambalo kila mzazi mwenye gari anapaswa kujiuliza kabla mvua hazijaanza. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Wazazi hukumbuka chanjo, chandarua na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Tairi hukumbukwa likipasuka.

Misimu yote, lakini ya wapi?

Madukani utasikia sifa ya "matairi ya misimu yote". Sifa hiyo imetoka kwenye nchi zenye kiangazi cha joto na majira ya baridi yenye theluji. Huko kuna matairi ya kiangazi, matairi ya theluji, na haya ya katikati yanayojaribu kufanya kazi zote mbili.

Tairi la theluji limetengenezwa kwa mpira laini ili lisikakamae baridi inaposhuka chini ya nyuzi joto 7. Kashata zake zimejaa mikato midogo mingi, kama iliyopitishwa wembe, ili ing'ang'anie barafu. Kule kaskazini mwa Japani ni tairi zuri sana.

Magole ni kwingine. Hapa misimu ni masika, vuli na kiangazi, na yote ina joto. Mchana wa jua kali, lami inaweza kupita nyuzi joto 50. Mpira laini ukikutana na lami hiyo unazidi kulegea. Gari linayumba kwenye kona, breki zinachelewa kushika, na kashata zinaisha haraka. Mvua ya hapa nayo ni ya joto, kwa hiyo hata kwenye maji tairi la theluji halifui dafu mbele ya tairi la kawaida.

Magari mengi ya familia nchini yameletwa yakiwa yametumika Japani, na baadhi hufika na matairi hayo. Mnunuzi huona kashata ndefu na kuamini amepata bahati.

Namna ya kuyatambua ni rahisi. Tafuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Ukiona alama hizo pamoja na mikato ya wembe kwenye kashata, hilo ni la baridi. Herufi M+S zikiwa peke yake zisikutishe, kwani zinamaanisha matope na theluji na huwekwa na mtengenezaji kwenye matairi mengi ya kawaida. Kuna pia matairi ya misimu yote yenye mchoro wa mlima. Hayana ubaya mkubwa kama lile la baridi tupu, ila utakuwa umelipia kazi ya theluji ambayo hutaitumia.

Kwa familia ya Magole, tairi la misimu yote ni lile linalovumilia joto, linalotoa maji haraka, na linaloweza kubeba watu wote pamoja na mzigo wao.

Viganja vinne

Gari lote, na watoto wakiwa ndani, hushikwa na barabara kwa sehemu nne tu. Kila tairi linagusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima. Mvua ikinyesha, mifereji iliyo kati ya kashata ndiyo inayofukuza maji ili kiganja hicho kiiguse lami. Mifereji ikiwa mifupi na mwendo ukiwa mkubwa, maji hayapati pa kwenda, na tairi linapanda juu yake. Kwa muda huo usukani unakuwa mwepesi mkononi, gari linaelea, na breki hazisaidii.

Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, inayopita Magole, ni njia ya malori mazito ya bara na nchi jirani. Mahali ambapo lami imebonyea kwa uzito wa malori, maji ya mvua hutuama kwenye alama za magurudumu. Gari dogo likipita hapo kwa kasi na matairi yaliyolika, ndipo linapoelea.

Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha kama milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, na mahali vilipo huonyeshwa ubavuni kwa pembetatu au herufi TWI. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Kwa mvua za masika usingoje lifike huko. Likibaki na milimita 3, anza kutafuta jingine.

Kupima hakuhitaji gereji. Ingiza njiti ya kiberiti kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha pima kwa rula ya mtoto wa shule. Pima sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Upande mmoja ukiwa umelika zaidi, gari linahitaji kunyooshwa magurudumu kabla hujatia fedha kwenye tairi jipya. La sivyo, hilo jipya nalo litaliwa vivyo hivyo.

Namba za kusoma

Kwanza ni ukubwa. Chukua mfano wa 195/65 R15 91H. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. R15 ni ringi ya inchi 15. Ukubwa sahihi wa gari lako umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari. Usifuate ulichokikuta kimefungwa, kwa sababu huenda aliyekutangulia alibadilisha.

Pili ni uzito. Namba 91 inamaanisha tairi moja linaweza kubeba kilo 615. Namba 88 ni kilo 560, na 82 ni kilo 475. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Gari la viti saba lililojaa watu, na magunia mawili ya mpunga juu ya keria, si sawa na gari la dereva mmoja mjini. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa mlangoni, hata kama tairi lenye namba ndogo linaingia vizuri kwenye ringi. Magari yenye asili ya kubeba mzigo, kama Hiace, hutumia matairi yenye ubavu mgumu zaidi, yenye alama C au LT. Usiyafunge ya gari dogo.

Tatu ni mwendo. Herufi Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190 na H ni 210. Hakuna mzazi anayetakiwa kufika huko, lakini kwa kawaida tairi la herufi ya juu limetengenezwa livumilie joto zaidi. Kwenye baadhi ya matairi utaona pia neno TEMPERATURE likifuatiwa na A, B au C. A ndiyo inayovumilia joto kuliko zote.

Nne ni tarehe, na hii ndiyo wengi huiruka. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1224 ni wiki ya 12 ya mwaka 2024. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Kama upande wa nje hauna tarehe, angalia upande wa ndani.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Unakauka, unapasuka nyufa ndogo, na nyuzi za ndani zinaachana. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka 5, na liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama kashata zipo. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema miaka 6. Kwa jua la huku, kutojivuta hadi 10 ni busara.

Tairi la akiba nalo lina tarehe. Lisome.

Mtumba au jipya?

Tairi la mtumba lina bei ya kushawishi, hasa mwezi wa ada. Kabla ya kulichukua, piga hesabu ya mwezi badala ya hesabu ya siku moja.

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba la mtumba ni shilingi 60,000 na litadumu miezi 10. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Jipya likiwa shilingi 160,000 na likadumu miaka minne, ni kama shilingi 3,300 kwa mwezi. Weka bei halisi za duka lako, utaona mwenyewe. Na katika hesabu hiyo hujahesabu siku ya kulala njiani na watoto.

Kama hakuna namna ila mtumba, lione mchana, likiwa limetolewa kwenye ringi. Pitisha mkono ndani yake na uangalie viraka. Nundu au mkato ubavuni ni sababu ya kuliacha hapo hapo. Dawa nyeusi ya kung'arisha hufunika nyufa, basi lifute kwa kitambaa chenye maji. Jihadhari pia na tairi lililochongwa, yaani kipara kilichokatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto. Tairi la gari dogo halina mpira wa ziada wa kuchonga. Kisu kinakaribia nyuzi, na nyuzi zikiwa wazi tairi linaweza kupasuka wakati wowote.

Ukinunua jipya, dai risiti ya EFD na uulize dhamana. Usikubali la jina "jipya" lililokaa dukani miaka minne. Tarehe itakuambia.

Je, ya kashata kubwa za matope?

Udongo mweusi wa tambarare za Kilosa ukilowa hushika gurudumu kama ugali mbichi. Baadhi ya wazazi huamua kufunga matairi ya kashata kubwa ili wasikwame njia ya shamba.

Jiulize kilomita zako nyingi ziko wapi. Kama kila siku uko shambani, yana maana. Kama safari nyingi ni za lami, Dumila, Dakawa, Morogoro, basi utakuwa umeweka breki za lami rehani kwa ajili ya matope ya siku chache. Kashata kubwa zina nafasi pana katikati, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni mdogo. Kwenye lami yenye maji gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama, hupiga kelele, na hula mafuta. Siku ya matope mazito, acha gari barabarani na umalize njia kwa miguu au bodaboda.

Fedha zikitosha mawili

Wazazi wengi hawawezi kununua manne kwa mara moja. Ukinunua mawili, yafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Madereva wengi hushangaa, kwa sababu wamezoea kuweka mapya mbele.

Sababu ni hii. Matairi ya mbele yakiteleza, gari linakwenda mbele kuliko ulivyokata kona. Ukipunguza mafuta, mara nyingi linarudi. Ya nyuma yakiteleza, mkia wa gari unazunguka na kutaka kuwa mbele. Dereva wa kawaida, kwenye mvua, na watoto wakipiga kelele nyuma, hawezi kuliokoa.

Matairi mawili ya mstari mmoja yafanane ukubwa, aina na kiasi cha kashata. Magari yanayovuta magurudumu yote manne hutaka yote yafanane.

Lakini nusu hii ni kwa ajili ya matairi ambayo bado yana umri. Kama yote manne yamepita miaka 10, mawili mapya hayatoshi. Katika hali hiyo, gari libaki kwenye safari fupi za taratibu hadi ununue mengine, na safari ya hospitali ipangiwe usafiri mwingine.

Upepo ni bure, au karibu na bure

Tairi lenye upepo mdogo hubonyea na kunyooka kila linapozunguka. Kubonyea huko huzaa joto, na joto pamoja na mzigo ndiyo hupasua tairi katikati ya safari. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Kiasi sahihi kiko kwenye karatasi ya mlangoni. Gari likibeba mzigo mkubwa, fuata kiasi cha mzigo kama kimeandikwa.

Ukipima tairi likiwa la moto, kipimo kitapanda. Usiutoe upepo huo. Tairi likipoa litakuwa na upungufu.

Pancha ya ubavuni haizibwi. Tairi hilo limekwisha. Pancha ya kwenye kashata izibwe kwa ndani, tairi likiwa limetolewa kwenye ringi. Ile kamba ya mpira inayosokomezwa kwa nje ikufikishe kwa fundi, isiwe tiba ya mwaka mzima.

Likipasuka njiani, shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, na usikanyage breki kwa nguvu. Acha gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha litoe pembeni.

Maji yakikata barabara

Hakuna tairi la kuvukia mafuriko. Watu wa Magole hawahitaji kuhadithiwa. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la hapo hapo Magole, na magari ya Morogoro na Dodoma yakakwama pande zote mbili. Maji yakipita juu ya barabara, huoni kama lami bado ipo chini yake, na maji yenye nguvu husukuma gari kabla halijazama. Zima safari, rudi nyuma, piga simu.

Kwa sababu hiyo, mjamzito aliyeambiwa ajifungulie mjini asingoje tarehe. Kama ana ndugu Morogoro, aende wiki mbili tatu kabla. Tairi zuri linasaidia safari iliyopangwa. Halifidii safari iliyochelewa.

Nyumbani, jioni

Jioni ile baba anatoka na tochi ya simu. Anasoma matairi yote manne. Mawili ni 3915, mawili ni 4015. La akiba ni la zamani zaidi.

Fedha zipo, ila ni za matofali ya uzio. Baba anasema labda wanunue mawili ya nyuma sasa, mengine baada ya mavuno.

"Baba watoto," mama anasema, "uzio unamzuia mwizi. Mwizi hajaja. Aprili inakuja."

Anakaa kimya kidogo. Kisha anaomba kalamu, anaandika nyuma ya kadi ya kliniki: ukubwa, uzito, herufi ya mwendo, na kwamba tarehe isizidi miaka miwili. Jumatatu atakwenda nayo dukani.

"Matofali yatasubiri mavuno," anasema.